Ngata ya Adela

Kama una mtoto aliyeacha kubebwa mgongoni zamani, anayejua kuimba na kutumwa chumvi kwa jirani, na bado kila jioni unakuta chupi yake imechafuka, nakuandikia wewe. Najua unakozianika. Mimi nilizianika nyuma ya migomba na juu nikafunika kanga, ili mpita njia asizione akauliza. Mimi si daktari na sitajifanya daktari. Nitasema tu yaliyotupata, pamoja na yale ninayoona haya kuyasema, kwa sababu hayo ndiyo ningependa mtu angeniambia mapema.

Tulikuwa tunaishi Mbuba, mama mkwe upande huu wa uwanja na sisi upande ule. Mume wangu, Baba Adela, ni fundi baiskeli na mtu wa maneno machache; ukimwuliza jambo zito huchukua tairi akaanza kutafuta tundu. Adela ni mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa na miaka mitatu masika ile wakimbizi walipovuka mpaka kutoka Rwanda na vilima vikageuka bluu kwa maturubai. Mwaka huohuo nikapata kazi kambini, kufua mashuka ya wodi ya kuhara. Kwetu ilikuwa kazi ya heshima. Nilirudi jioni na kipande cha sabuni na mikono inayonuka klorini, na mama mkwe alinipokea kwa uji.

Shida ilianza kiangazi cha mwaka uliofuata. Chemchemi yetu ilikuwa imezidiwa na watu, kwa hiyo maji ya kunywa tuliyapima kwa kikombe. Tulikula ndizi mbichi za kupika na ugali wa ule unga wa njano uliofika sokoni kutoka kambini. Siku moja Adela alikwenda chooni akapiga ukelele. Nilimkuta amechuchumaa juu ya magogo ya shimo, analia, na choo chake kigumu kama kokwa la parachichi kina damu. Nikamwosha, nikampa pole, nikarudi kwenye maharage yangu. Nilidhani yamekwisha. Kumbe mwenzangu alikuwa ameshaweka nadhiri kwamba pale harudi tena.

Tangu hapo nikawa namkuta amesimama kwa ncha za vidole, miguu ameipishanisha, ameshika nguzo ya kibaraza kwa mikono miwili. Jasho linamtoka, macho yanatazama mbali. Mimi nilisimama pembeni nikimwambia, "Haya, sukuma, mwanangu, sukuma." Niliona anasukuma. Alikuwa anabana. Ukimwona wako amesimama hivyo, jua anabana, na kila ukimhimiza anabana zaidi.

Mvua za vuli zilipoanza, chupi zikaanza kuchafuka. Kwanza ni doa, kisha majimaji, kisha mara nne au tano kwa siku, na yeye mwenyewe kama hajui limetoka saa ngapi. Sasa fikiria ni mama wa namna gani aliyeyaona majimaji hayo. Mwaka mzima nilikuwa nimefua mashuka ya watu waliokuwa wanaharisha. Nilikuwa nimeona watu wazima wakiingia wodini asubuhi kwa miguu yao na jioni wakitolewa wamefunikwa. Nilipoona doa lile, niliona mashuka yale. Nikajua nimeuleta ugonjwa wa kambini nyumbani kwa mikono yangu.

Nikapambana na kuhara. Nilichemsha majani ya mpera akanywa machungu yake. Nikampikia uji mzito wa mchele. Nikamkataza papai, nikamkataza parachichi, nikamkataza maharage, nikamwachia ndizi mbichi na ugali mkavu, maana sisi kambini tulisema tumbo linalotiririka halipewi chochote cha kulainisha. Ninyi mnaojua mtacheka. Chekeni tu. Kila nilichomnyima ndicho kingemponya, na kila nilichompa kilikuwa kinamwongezea zege tumboni.

Halafu nikamtenga. Kwetu watoto hula pamoja, jani moja la mgomba katikati na mikono yote humo humo. Nikamnunulia Adela sahani yake ya bati ya bluu, nikamkalisha pembeni karibu na mlango, na akimaliza naisuuza kwa klorini. Binamu zake wakatazama sahani ile siku mbili tu, siku ya tatu wakampa jina. Wakamwita Kambi. Akikaribia mchezo wao utasikia, "Jamani, Kambi imefika, kimbieni!" Naye alikuwa anacheka nao, akidhani ndio mchezo wenyewe, mpaka alipobaki peke yake uwanjani.

Mama mkwe hakuninong'onezea. Alinisimamisha mbele ya mume wangu.

"Umeturetea marazi ya kambini," aliniambia kwa Kiswahili chake kinachogeuza kila l kuwa r. "Nirisema mwanamke mwenye mtoto haendi kufua vya wagonjwa. Nirisema, au sikusema?"

"Ulisema, mama."

"Basi hiro uriokote mwenyewe."

Baba Adela alikuwa ameshika tairi. Alikuwa anatafuta tundu.

Nilimpeleka mtoto kwenye zahanati, ambayo siitaji maana shida haikuwa yao peke yao. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Benchi lilikuwa la mbao tatu, limejaa, na kila tuliposogea Adela alinuka kidogo zaidi, na mama aliyekuwa kulia kwangu akahamia ukutani akasimama. Nilitamani ardhi ipasuke. Tulipofika ndani, aliyetupokea aliuliza, "Anaharisha?" Nikasema ndiyo. "Mara ngapi?" Nikasema mara tano. Akaandika, akatupa vidonge vya kuzuia, akaita mwingine. Hakumshika tumbo. Nami sikumwambia ashike, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia jibu kabla hajauliza vizuri.

Baada ya vidonge vile tumbo likaja mbele kama la mtoto mwenye utapiamlo. Akaacha kula. Miguu ikawa myembamba, na usingizini akawa anaguna.

Jirani yangu mmoja akaniambia hilo si gonjwa, ni tabia. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikaanza kumchapa. Naliandika hili polepole. Nilimchapa mtoto wa miaka minne kwa uti mkavu wa jani la mgomba, kila nilipokuta chupi, na yeye akawa anazificha chini ya kitanda chetu, chini ya mawe, mara moja ndani ya chungu cha bibi yake. Alinitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Nikafika mahali nikamchukia. Si sana, si kila siku, lakini nilimchukia, kisha nikajichukia mwenyewe, na katikati ya chuki hizo mbili nilikuwa nafua.

Kiangazi kile kifupi cha baada ya Krismasi mama mkwe alileta mwanamke wa dawa. Walimlaza Adela juu ya mkeka, wawili wakamshika mikono na miguu, dawa ya majani ikapitishwa nyuma kwa kibuyu chenye shingo nyembamba. Alilia akiniita mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mguu wa kushoto. Kidogo kilitoka, wakashangilia. Baada ya hapo hakukubali hata kuoshwa, na alipoona mtu anakunja mkeka alikimbilia migombani.

Masika ilipokaribia, nilivunjika kambini mbele ya watu. Nilikuwa nasuuza shuka, nikaona doa kama lile la nyumbani, nikakaa chini kwenye matope nikalia kwa sauti. Aliyekuja kunishika alikuwa Konsolata, mkimbizi kutoka Rwanda, nesi huko kwao na nesi pale wodini. Alikuwa mrefu, mkali kwa wanaume, na alitembea na kalamu kwenye nywele. Alisema nami kwa lugha yao, nikamjibu kwa Kihangaza, maana lugha zetu ni ndugu.

"Ihangane," aliniambia. Kwao ndiyo pole, lakini ni pole inayokutaka usimame. "Nani amekufa?"

"Mwanangu hajafa. Anaharisha mwezi wa sita sasa."

Akanitazama. "Mtoto hawezi kuharisha miezi sita akabaki hai, Mama Adela. Mlete kesho."

Nilimleta. Konsolata hakumlaza. Alikaa chini sakafuni, akamweka Adela kati ya magoti yake, akaweka kiganja juu ya tumbo lake akakisogeza taratibu mpaka chini upande wa kushoto. Kisha akachukua mkono wa Adela mwenyewe akauweka pale.

"Hapa kuna nini?"

Adela alifikiri. "Jiwe," akasema.

"Umesikia?" Konsolata akanigeukia. "Ameshinda madaktari. Mtoto huyu haharishi. Amejaa. Kigumu kimeziba njia, majimaji yanapita pembeni kama maji ya mfereji ulioziba. Hayasikii yanapotoka. Humchapi?"

Nikaficha mikono ndani ya kanga. Alijua. Aliinuka akaniletea maji ya kunywa, na mpaka leo sijui kwa nini maji yale yaliniuma kuliko kama angenitukana.

Walituweka siku nne kwenye kitanda cha mwisho wodini. Akapewa mafuta ya dawa ya kunywa na dawa ndogo ya kuwekwa nyuma, na kila kitu Konsolata alimwonyesha kwanza, akamwachia ashike, akamwuliza, "Tuweke sasa au baada ya wimbo mmoja?" Adela akachagua wimbo, akaimba wote, akarudia. Yaliyotoka siku zile sitayaeleza. Ila siku ya nne nilimbeba, nikasikia wepesi wake, nikashindwa kuzuia machozi, maana nilikuwa nimezoea kubeba na lile jiwe.

Tulipotoka, Konsolata alinipa maagizo tukiwa mlangoni. Mafuta ya dawa kila siku, hata akiwa mzima. Maji, papai, parachichi, maharage. Kila baada ya kula akae, asipelekwe kwenye shimo la magogo, akae mahali ambapo nyayo zinagusa chini. Asichapwe, asichekwe, asishangiliwe sana pia. "Na jambo moja," alisema. "Kwa sasa wewe ndiye utakayemkalisha. Siku moja atakuambia mwenyewe kwamba anataka. Siku hiyo acha kila kitu ulichoshika, hata kama ni moto. Ukimwambia subiri, atasubiri tena miaka miwili."

"Ni siku ngapi mpaka afike hapo?"

"Ni miezi. Acha kuhesabu siku."

Mahali pa kukaa nilipatengeneza kwa kopo la mafuta ya msaada, yale ya kupikia, ambayo makopo yake kwetu yalikuwa yameshageuka milango na taa. Baba Adela alilikunja ukingo kwa koleo lake ili lisimkate. Bado lilikuwa baridi na kali, kwa hiyo nikachukua ngata yangu ya kubebea maji, duara la majani makavu ya mgomba, nikaiweka juu ya kopo.

Mama mkwe aliona, akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Ngata ni ya kichwani! Kinachobeba maji ya kunywa kinakariwa na matako? Nyumba hii imeraaniwa na nani?"

Siku tatu hakula chakula nilichopika. Na Adela naye hakukaa, maana ngata yangu ilikuwa chakavu na ilimchoma. Alikaa akainuka, akakaa akainuka, akaanza tena kushika nguzo ya kibaraza. Niliona tunarudi kule kule. Nilifikiria kuomba likizo kambini, nilifikiria kukimbia.

Siku ya nne niliporudi kutoka kazini nilikuta juu ya kopo ngata mpya. Ilikuwa ndogo, laini, imesukwa kwa nyuzi za ndani za mgomba na kuzungushiwa kipande cha kitenge cha mama mkwe, kile cha zambarau alichokuwa anavaa kanisani. Adela alikuwa amekaa juu yake, nyayo chini, anaimba. Bibi yake alikuwa anachambua maharage akiwa amempa mgongo.

"Shikamoo, mama. Nani amesuka?"

"Marahaba. Ire yako irikuwa inamchoma."

"Na ya kichwani?"

"Hii haijawahi kupanda kichwa cha mtu," alisema. "Ni ya huko huko tangu kuzariwa kwake." Akaendelea na maharage yake. Jioni ile aliichukua ile sahani ya bluu akaweka ndani maji ya kuku.

Ningependa kuishia hapo, lakini ugonjwa huu hauna adabu. Masika yote alikwenda vizuri, na kiangazi nikajiona bingwa. Wiki mbili chupi safi! Nikaacha kumpa dawa, nikasema amepona, mwili ujifunze wenyewe. Siku ya kumi choo kikawa kigumu, akaumia, akaweka nadhiri upya. Madoa yakarudi. Nami siku moja, kwa hasira ya uchovu, nikampiga mwiko mgongoni, mbele ya ngata yake. Hakulia. Aliniambia tu, "Konsolata amesema usinichape." Nilitoka nje nikakaa migombani.

Nilimweleza Konsolata yote, hata mwiko. Hakunigombeza. "Sasa umeamini ni miezi," alisema, akanipa chupa nyingine. Aliniambia mara moja tu kwamba na yeye alikuwa na mtoto wa umri huu. Sikuuliza yuko wapi. Katika miaka ile uliona usoni swali lisilotakiwa kuulizwa.

Mvua za vuli zilipoanza, dada yake Baba Adela alikuja kutoka Nyantakara, Biharamulo. Alimtazama Adela na kopo lake, akasema huko kwao kuna Msukuma anayetibu matumbo, na kwamba mtoto akae kwake mwaka mmoja, mbali na mimi na kambi yangu. Shangazi ana haki kwa mtoto wa kaka yake. Hilo kwetu halina mjadala. Nilimtazama mume wangu. Safari hii hakushika tairi.

"Mama yake amefika naye mbali," alisema. "Ila bado mtoto hukaa pale anapokalishwa tu. Akikalishwa na mtu mwingine atabana. Krismasi ikifika na hajasema mwenyewe hata mara moja kwamba anataka, nenda naye."

Niliona ni hukumu. Nilihesabu wiki, ingawa nilikuwa nimekatazwa kuhesabu. Niliwaza Adela akilazwa kwenye mkeka mwingine, watu wengine wamemshika miguu, na mimi sipo hata wa kuitwa. Novemba ikaisha. Alikuwa safi siku nyingi, lakini kila mara ni mimi niliyesema, "Adela, twende tukakae." Wiki ya kwanza ya Desemba nilijaribu kunyamaza nione. Akachafua, akaficha chupi. Nikarudi kumkalisha.

Siku chache kabla ya Krismasi zikaja habari kwamba wakimbizi wanarudishwa kwao, wote. Wodi ilikuwa imefungwa nilipofika, vitanda vimepinduliwa. Siku iliyofuata barabara kuu ilijaa watu, na mvua ilikuwa inanyesha. Nilikata mkungu wa ndizi zilizoiva, nikauweka kichwani, nikamshika Adela mkono, tukaenda kusimama kando ya barabara. Nilitaka kumwona Konsolata. Sikuwahi kumshukuru. Nilikuwa nimejiambia nitamshukuru mtoto akipona kabisa.

Tulisimama sana. Watu walipita na magodoro, masufuria, watoto waliofungwa kamba kiunoni wasipotee. Ilisikika miguu tu kwenye matope. Nilitazama kila mwanamke mrefu. Kisha, mbali kidogo, nikaona kichwa kinachoelekea kuwa chake, na kitu cheupe kwenye nywele ambacho kingeweza kuwa kalamu. Nikainua mkono niite.

Adela akanivuta kanga. "Mama."

"Ngoja..." Neno lilitoka nusu, nikalimeza.

"Mama, nataka kwenda choo."

Nilishusha mkungu palepale kwenye matope. Nikamshika mkono tukakimbia kuingia kichakani. "Na kopo?" akauliza. Nikamwambia leo bila kopo. Alisita. Akachuchumaa chini kama nilivyomkuta siku ile kwenye magogo, akanishika vidole viwili vya kila mkono, akakunja uso. Nyuma yangu nilisikia miguu ikipita, ikipita. Sikugeuka. Sikumwambia sukuma, sikumwambia haraka. Ilichukua muda wake. Choo kilipotoka alinitazama kwa mshangao na kusema, "Haijauma."

Tuliporudi barabarani, kile kichwa hakikuwepo. Nilikimbia kidogo kando ya msafara, nikaita jina, wakageuka wanawake wawili ambao si yeye. Ndizi nikampa bibi mmoja aliyekuwa wa mwisho mwisho.

Shangazi alikuja mwaka mpya, akala maharage yetu mapya, akarudi Nyantakara peke yake. Adela alitumia dawa hadi masika, tukaipata hospitali ya wilaya, kisha tukaipunguza kidogo kidogo. Alichafua tena mara mbili tatu alipoanza shule. Hatukusema kitu, tulifua. Sasa ni binti, anaficha barua zake tu, na ngata ile ya zambarau bibi yake amekataa kuitupa.

Konsolata, sijui ulifika wapi, wala kama yule mtoto wako wa umri ule ulimkuta. Lakini Adela alisema mwenyewe. Nami niliacha kila kitu, kama ulivyoniagiza, hata wewe.